Barua ya wazi kwa Gavana na Bunge la California: mfuko wa afya ya watu wa transjenda upewe fedha za kila mwaka

Kwa:
Mheshimiwa Gavana Gavin Newsom,
Waheshimiwa wajumbe wa kamati za bajeti za Seneti na Assembly, mabaraza mawili ya Bunge la jimbo,
Wakuu wa Idara ya Afya ya Umma ya jimbo,
Sacramento, California.

YAH: FEDHA ZA MFUKO WA USTAWI NA USAWA KWA WATU WA TRANSJENDA, WASIOFUATA MGAWANYO WA KIJINSIA NA HUNTHA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hapa San Diego. Kazi yangu ni kukaa kati ya daktari na mgonjwa, nikisema alichosema huyu na alichojibu yule, bila kuongeza wala kupunguza. Wateja wangu wengi ni Wakongo. Wamo pia Waganda, Warundi na Wakenya. Miongoni mwao wapo watu wa transjenda, yaani wale ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Wenyewe hawajitangazi, na jamii yetu ikishajua hunyamaza au husema pembeni, kwa hiyo sishangai kama kule Sacramento hakuna aliyewahesabu.

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Ya Kiingereza itawafikia kwa njia zenu za kawaida. Hii nataka isomwe na watu wa kwetu, maana fedha ninazozizungumzia zinatokana na kodi yao pia, na mambo haya huamuliwa wao wakiwa kazini zamu ya usiku.

Kwa nini hadharani? Kwa sababu njia za ndani zina mipaka yake. Kwenye vikao vya kamati za bajeti mwananchi akifika kwenye maikrofoni mara nyingi hutakiwa ataje jina, taasisi na msimamo: naunga mkono, au napinga, asante, anayefuata. Kwa sekunde hizo hakuna anayeweza kueleza kwa nini mtu aliyeanza matibabu mwaka jana anaachwa njiani mwaka huu. Barua za faragha nazo husomwa na msaidizi, zikapewa namba, basi. Nimeona afadhali tuongee mchana kweupe.

Nianze na mlichofanya vizuri. Tarehe 26 Septemba 2020, Mheshimiwa Gavana, ulitia saini sheria AB 2218, iliyopelekwa bungeni na Mheshimiwa Miguel Santiago. Sheria hiyo ilianzisha mfuko maalumu wa ruzuku, na kwa maneno yake yenyewe inataka huduma inayomheshimu mtu na uamuzi wake juu ya mwili wake, isiyomkisia jinsia, inayompokea kwa huruma. Ruzuku zinaweza kulipia mafunzo ya watoa huduma, ushirikiano kati ya vikundi na hospitali au zahanati, hata tiba kwa njia ya sanaa kama ngoma, uchoraji na uandishi. Nimesoma sheria nyingi zinazogusa wagonjwa wangu na ni chache zilizoandikwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la kungojea daktari. Hii ni mojawapo.

Tatizo ni fedha. Muswada ulipoanza safari ulikuwa na dola milioni 15 ndani yake. Korona ikaja, bajeti ikayumba, kiasi hicho kikafutwa, na sheria ikapita ikiwa kibubu kitupu chenye jina zuri. Bajeti ya 2021 ndiyo iliyotia dola milioni 13, na zilikuwa za mara moja. Sheria yenyewe haitaji kiasi chochote cha kila mwaka. Inasema fedha zitatumika pale Bunge litakapozitenga. Yaani kila mwaka wahudumu na wagonjwa wanasubiri kuona kama watakumbukwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ruzuku ya mara moja haifanani na matibabu yenyewe.

Tiba ya homoni haina msimu. Mtu huanza kwa dozi ndogo, anapimwa damu kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza, dozi inarekebishwa, na baada ya hapo anaendelea kwa miaka, wengi maisha yote. Ushauri nasaha kwa mtu aliyefukuzwa na ukoo wake nao hauishi mwaka wa fedha ukiisha. Ila mkataba wa ruzuku una tarehe ya mwisho, na kila aliyewahi kufanya kazi kwenye kikundi kidogo anajua jinsi miezi ya mwisho inavyokuwa: mratibu anaanza kutafuta kazi kwingine, mshauri anapunguziwa siku, simu ya ofisi inahamishiwa kwenye simu ya mkononi ya mtu anayejitolea.

Nimekalimani mazungumzo ya namna hiyo. Mshauri anamweleza mteja kwamba wiki ijayo ndiyo ya mwisho, na kwamba atampa orodha ya sehemu nyingine za kupiga simu. Mteja, dada mmoja mtaratibu sana, aliuliza swali moja tu: “Huko kwenye orodha wananijua?” Mshauri akanitazama mimi, kana kwamba jibu liko kwa mkalimani. Kikundi kile sikitaji, na silaumu mtu pale ndani. Walifanya kazi kwa moyo hadi senti ya mwisho.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kujenga imani ndiko kunakochukua muda na fedha nyingi. Kwenye utafiti mkubwa wa watu wa transjenda uliofanyika Marekani mwaka 2015, waliojibu walikuwa 27,715, na asilimia 23 kati yao walisema katika mwaka uliotangulia waliwahi kuacha kwenda kwa daktari walipohitaji, kwa kuhofia kudhalilishwa. Mtu wa namna hiyo ukishampata akaingia mlangoni, umemaliza sehemu ngumu. Mkifunga mlango baada ya miaka miwili mnarudi nyuma ya pale mlipoanzia, kwa sababu sasa ana sababu mpya ya kutowaamini, na atawasimulia wenzake.

2. Kulipa kwanza ndipo urejeshewe kunawaondoa wadogo.

Ruzuku nyingi za jimbo hulipwa kwa kurejesha: kikundi kinatumia fedha zake, kinapeleka stakabadhi, kinasubiri. Hospitali kubwa yenye akiba benki haisikii kitu. Kikundi cha watu wanne kinachopangisha chumba nyuma ya kanisa hakiwezi kulipa mishahara ya miezi mitatu kwa ahadi. Matokeo yake, wale ambao sheria iliwalenga hawaombi kabisa, au wanaingia chini ya kivuli cha taasisi kubwa inayokata sehemu yake ya usimamizi.

Dawa yake mnayo tayari. Sheria AB 590 ya mwaka 2023 inaruhusu idara za jimbo kutoa malipo ya awali kwa mashirika yasiyo ya faida, hadi asilimia 25 ya ruzuku. Imeruhusiwa tu, haijalazimishwa. Kwenye mfuko huu ningependa iwe lazima.

3. Kipimo cha asilimia 65, na orodha za majina.

Sheria inasema kikundi kinachostahili kiwe na dhamira inayowahusu watu hawa moja kwa moja, na angalau asilimia 65 ya wateja wake wawe wao. Kipimo hicho ni kizuri na naomba kisiguswe, hata wakubwa wakililia kilegezwe. Hofu yangu ni jinsi kinavyothibitishwa. Kuthibitisha asilimia kunahitaji kuhesabu, na kuhesabu kukifanywa kizembe kunazaa orodha ya majina. Mwezi Julai 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba imetoa zaidi ya hati 20 za kuwadai madaktari na zahanati nyaraka zinazohusu huduma kwa vijana wa transjenda. Wateja wangu wanafuatilia habari kuliko mnavyodhani. Wengine walikimbia nchi ambako orodha ya majina ndiyo iliyowafikisha polisi. Naomba jimbo lipokee jumla tu, kwa namba, bila jina, bila tarehe ya kuzaliwa, bila nchi mtu alikotoka.

4. Lugha.

Hapa mniruhusu nikae kidogo, ndiko ninakokujua.

Mei 2023 Rais Museveni alitia saini sheria inayotoa adhabu ya kifungo cha maisha kwa mapenzi ya jinsia moja, na kifo kwa inachokiita makosa makubwa zaidi. Polisi wa mtaani hawatofautishi. Mtu wa transjenda hukamatwa kwa anavyoonekana. Waganda wengi walikuwa wameshakimbilia Kenya kabla ya hapo, Nairobi na kambi ya Kakuma, na huko nako walipigwa na wakimbizi wenzao. Baadhi yao walipata njia ya kufika Marekani kabla mpango wa kupokea wakimbizi haujasimamishwa Januari 2025. Wengine walipita mpakani wakaomba hifadhi, wakakaa miezi bila kibali cha kazi, maana sheria inataka ombi la hifadhi likae siku 180 ndipo kibali kitolewe. Wanafika hapa wakiongea Kiluganda, Kiswahili na Kiingereza cha kuombea maji. Mkongo wa Bukavu au Uvira anakuja na Kiswahili na Kifaransa.

Sasa mpeleke mtu huyo zahanati. Mkalimani wa ana kwa ana hayupo, kwa hiyo muuguzi anapiga simu ya ukalimani na kuiweka mezani, spika ikiwa wazi. Anayejibu ni Mswahili mwenzetu, yuko jimbo jingine, sauti ya mtu mzima. Muuguzi anauliza kuhusu homoni. Kimya. Halafu simu inasema, kwa Kiswahili tu, ambacho muuguzi hakisikii: “Mwanangu, wazazi wako wanajua unachofanya? Tafuta mchungaji akuombee.” Muuguzi anasubiri tafsiri. Mgonjwa anaangalia sakafu na kusema kwa Kiingereza: it's fine, yaani hakuna shida. Siku hiyo nilikuwepo kwa sababu nilimsindikiza mtu mwingine, nikasikia kupitia mlango ulioachwa wazi. Hakurudi tena pale. Sitaitaja zahanati hiyo, wala yule mkalimani, ambaye nina hakika alidhani anatenda wema.

Mfuko wenu unaruhusu mafunzo kwa watoa huduma. Mkalimani naye ni mtoa huduma, kwa sababu bila yeye daktari ni bubu. Ila sijawahi kuona tangazo la ruzuku likimtaja kwa jina. Hatuna hata istilahi tulizokubaliana za kutumia kwenye vyumba hivyo. Mmoja anatumia neno la matusi bila kujua, mwingine anazunguka mpaka mgonjwa hajui ameulizwa nini. Kuwafundisha wakalimani wa Kiswahili hapa jimboni, na wale wa Kisomali, Kitigrinya na Kiamhara pia, kungegharimu kidogo kuliko mkutano mmoja wa siku mbili hotelini.

Ndugu zangu wa kanisani na msikitini mnaosoma hapa: sikuombeni mbadili imani yenu. Mgonjwa ni mgonjwa, na siri ya chumba cha daktari ni siri.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyashughulikie hapa hapa.

Mtasema kuna nakisi. Ipo, na bajeti ya 2025–26 ilipitishwa mkiziba pengo la takriban dola bilioni 12. Lakini bajeti hiyo hiyo ni takriban dola bilioni 321. Dola milioni 13 ukiziweka kando yake ni kama senti nne kwa kila dola 1,000. Nakisi ya California haijaletwa na mfuko huu, na haiwezi kuzibwa kwa kuuacha mtupu.

Mtasema Medi-Cal, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, inalipa tayari. Ni kweli kwamba Medi-Cal hulipia homoni na upasuaji unaohitajika kitabibu, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kadi ya bima humlipa daktari. Haimlipi anayemfundisha daktari, haimtafuti mtu aliyejificha chumbani, haikodi chumba cha kikundi cha Alhamisi jioni. Tena hiyo kadi yenyewe inaponyoka: tangu 1 Januari 2026 jimbo limesimamisha kuandikisha watu wazima wapya wasio na hati za ukaazi, na kuanzia 1 Oktoba 2026 sheria ya shirikisho iliyosainiwa Julai 2025 itawatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye Medicaid, mpango wa taifa unaoigharamia Medi-Cal kwa fedha za Washington. Wateja wangu ndio hao hao. Wakitoka upande ule watatua mikononi mwa vikundi hivi, na vikundi hivi vitakuwa na nini?

Mtasema, labda kwa sauti ya chini, kwamba huu si wakati wa kujionyesha, Washington itatuandama. Hili nalielewa kuliko yote, na ndilo silikubali kabisa. Mwezi Julai 2025 Hospitali ya Watoto ya Los Angeles ilifunga kituo chake cha vijana wa transjenda, kilichokuwa miongoni mwa vikubwa nchini, kwa kuhofia fedha za shirikisho. Mwezi huo huo nambari ya dharura ya 988, inayopokea simu za wenye mawazo ya kujiua, ilikatwa chaguo lake la vijana wa LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja, transjenda na wenzao. Hospitali inayotegemea Medicare, bima ya shirikisho ya wazee, inaweza kusema mikono yake imefungwa. Kikundi kinacholipwa kwa fedha za jimbo peke yake hakina kamba hiyo shingoni, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na mfuko wa jimbo. Mwaka 2022 mlipitisha SB 107, sheria ya kuwalinda vijana wa transjenda na wazazi wao wanaokuja huku kutafuta huduma, mkajiita kimbilio la familia zinazofukuzwa kwingine. Watu waliwasikia, wakauza gari, wakaja.

Na kuna jibu la nne, la kitaalamu, kwamba hakuna chanzo cha kudumu. Kipo angalau kimoja cha kujadili. Wapiga kura walipokubali Pendekezo la 1 Machi 2024, walibadilisha mgawanyo wa ile kodi ya asilimia moja kwa wenye kipato kinachozidi dola milioni moja, na angalau asilimia 4 ya fedha hizo zinakwenda kwa Idara ya Afya ya Umma kwa ajili ya kinga ya afya ya akili na uraibu. Zaidi ya nusu yake lazima iwahusu walio na umri wa miaka 25 kwenda chini. Mgawanyo mpya unaanza 1 Julai 2026, na idara inayozipokea ndiyo hiyo hiyo inayousimamia mfuko huu. Sisemi zote zije huku. Nasema sehemu yake ingeweza kubeba ushauri nasaha na vikundi vya vijana, mfuko ukabaki na mzigo uliobaki.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki:

(a) Marekebisho ya bajeti ya Mei yaweke kiasi cha kila mwaka kwa mfuko huu, kisichopungua dola milioni 13, na sheria irekebishwe ili kiasi hicho kiandikwe kuwa cha kuendelea.

(b) Mikataba iwe ya miaka mitano, na kikundi kijulishwe miezi sita kabla kama kitaendelea au la. Hata jibu la hapana, likija mapema, linampa mshauri muda wa kumkabidhi mgonjwa kwa mtu anayemjua.

(c) Malipo ya awali ya asilimia 25 yatolewe kwa kila kikundi kidogo kinachoomba, bila kukilazimisha kueleza kwa nini ni maskini.

(d) Asilimia 65 ibaki. Uthibitisho uwe wa jumla, na mkataba uzuie kwa maandishi ukusanyaji wa majina.

(e) Mafunzo ya wakalimani wa afya yatajwe wazi kwenye tangazo la ruzuku, na vikundi viruhusiwe kulipa wakalimani wao badala ya kutegemea simu.

(f) Idara ichapishe, kila mwaka na kwa lugha nyepesi, nani alipewa kiasi gani na kwa kazi gani. Siyo kuwavizia, ni ili kikundi cha Fresno au Bakersfield kijue kwamba fedha hizi zipo, maana huko zinafahamika kidogo kuliko San Francisco na Los Angeles.

Kama lazima mchague, chagueni (a) na (b). Mengine yote yanasimama juu ya hayo mawili.

Marekebisho ya Mei lazima yatoke kufikia tarehe 14 Mei, na Bunge lina hadi 15 Juni kupitisha bajeti. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe hiyo ya kwanza, lenye kutaja kiasi, si lenye kunishukuru kwa kuandika. Likija kwa Kiingereza nitalitafsiri mwenyewe na kulibandika hapa hapa barua hii ilipo, neno kwa neno.

Jina langu liko kwenye nakala ya Kiingereza. Hapa silitaji, kwa sababu wateja wangu wanajulikana kupitia kwangu.

Wenu katika kazi,

Mkalimani wa afya na mlipakodi,
City Heights, San Diego.